Waliolala Mbele ya Machela

Kisu kilikuwa kimelala ndani ya mfuko wa hariri nyeusi wa mwanawe, kati ya ndara za majani na upepeo wa manyoya, kimetulia kama samaki aliyeshiba. Yin-chu alikitambua kwa mpini wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuzungushia mpira wa baiskeli mwaka mumewe alipofariki, ili usimteleze mkononi wakati wa kupasua mwatiko. Siku mbili alikuwa akikitafuta chini ya meza na ndani ya ndoo za barafu, mpaka akaanza kumshuku paka.

Alikitoa, akarudi nacho mezani, akapasulia samaki wa asubuhi ile. Mwatiko ana miiba mia mbili na ishirini na miwili. Mtoto wa Mtaa wa Mabwawa huijua hesabu hiyo kabla hajajua kuandika jina lake. Yin-chu aliing'oa mmoja mmoja kwa koleo ndogo, akiipanga ukingoni mwa sahani. Nje, ukungu wa mabwawa ulikuwa bado haujaamua kama uondoke au ukae. Kesho yake alfajiri kisu hakikuwepo tena. Kilikuwa kimerudi mfukoni.

Po-kai, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye na mama walikula uji wao wa wali na samaki, kila mmoja akitazama bakuli lake, kama watu wawili wanaosoma barua moja kwa siri.

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya sikukuu ya Bwana Chi. Siku hiyo mungu wa mtaa hutolewa hekaluni, hupandishwa kwenye machela na kubebwa mabegani kuzunguka mitaa yote, afagie maradhi na mikosi. Mbele yake hutangulia Majemadari Wanane, vijana waliopakwa nyuso za rangi, nyeupe na buluu na nyekundu, wakiyumba kwa hatua fupi kama miti ndani ya maji. Aliyekwisha pakwa rangi si mtoto wa mtu tena. Hasemi, hacheki, hali. Wala haruhusiwi mtu kumwita kwa jina lake, kwa maana jina humvuta mwenye mwili arudi, naye jemadari bado yumo ndani, na hao wawili hawakai nyumba moja.

Po-kai alikuwa wa tatu upande wa kushoto. Shule aliiacha tangu majira ya baridi, kwa kuwa darasani walimwita Samaki na kuziba pua alipopita. Lakini mwaka uliotangulia, alipopita barabarani na uso wa buluu, mwalimu aliyekuwa akicheka na wanafunzi alimwinamia mpaka miwani ikamdondoka. Mtoto aliyeonja hilo mara moja, humpati tena kwa kumwimbia habari za mtihani. Waliompa uso huo walikuwa Kaka Tsung na wenzake, na wenzake Kaka Tsung walikuwa genge. Hakuna aliyesema neno hilo kwa sauti. Walisema tu, wale vijana wa hekaluni.

*

Kaka Tsung alimpokea Yin-chu hekaluni kwa heshima iliyomtisha kuliko matusi. Alimweka kwenye kiti chenye mto, akamimina chai katika kikombe kidogo kama kifuniko cha kidole, akamwita shemeji, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi ya mabwawa pamoja na marehemu. Yin-chu alimkumbuka akiwa na miaka tisa, kamasi puani, akija kuomba makombo ya uji. Sasa alivaa suti nyeupe ya michezo na rozari ya mbao, na vijana sita walikuwa wamesimama ukutani wakingoja akohoe.

Alisema alilokuja kulisema. Kwamba mwanawe ana kifua kibovu, moshi wa fataki unamdhuru, aachwe mwaka huu apumzike. Kaka Tsung akatabasamu, akasema kifua cha Po-kai anakijua, ni cha punda. Yin-chu akanywa chai ambayo hakuisikia ladha. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye kikombe, kwa nini mwenye kisu awe Po-kai, na wanaume wazima wamejaa pale.

Alijibiwa na aliyekuwa mlangoni, jina lake A-tu, mdomo mwekundu kwa tambuu.

"Kwa sababu ni mtoto, mama. Sheria inawahurumia watoto. Mtu mzima angekaa ndani mpaka meno yang'oke. Huyu wako atarudi kabla uji haujapoa."

Walicheka. Kaka Tsung hakucheka. Alimtazama A-tu mpaka A-tu akameza mate yake yote mekundu. Halafu akasema, taratibu, kwamba vijana wanapenda mzaha. Akatoa bahasha nyekundu, akampa kwa mikono miwili, ya kununulia matunda ya sikukuu. Bahasha ya mikono miwili haikataliwi. Yin-chu aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru.

Alifika njia panda ndipo akasikia alichosema. Alikuwa ameshukuru. Alisimama kando ya mashine ya kuuzia maji ya chupa, ikinguruma peke yake, akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni kama maji ya bwawa yanayofunguliwa. Alirudi hekaluni kwa mlango wa nyuma, akaitumbukiza bahasha ndani ya sanduku la sadaka bila kuifungua.

*

Huko nyuma ndiko alikomkuta Mzee Keng, anayewapaka majemadari rangi, akichuja unga mweupe kwenye kitambaa. Yin-chu alimwomba akatae kumpaka mwanawe. Mzee Keng akaendelea kuchuja. Alisema amefanya kazi hiyo miaka thelathini na minane. Zamani walikuja watoto wa mabwawa, wamejinyima nyama siku tatu na kulala sakafuni. Siku hizi wanaletwa kwa pikipiki, wananuka sigara na vitu vingine asivyovijua. Rangi ni ileile, alisema. Akikataa yeye, ataletwa mwingine ambaye hata dua haijui.

Na kwa kuwa alikuwa mzee na mlango ulikuwa umefungwa, alimwambia yaliyobaki. Saa tisa mchana, machela ya Mabwawa na machela ya Mtaa wa Daraja zitapishana kwenye njia panda ya soko la matunda. Watu watasema ugomvi ni wa bendera iliyochanwa mwaka jana. Ugomvi ni wa soko, nani atawatoza wenye meza. Patakuwa na moshi, na nyuso nane za rangi zisizotambulikana. Mmoja atatoka mstarini, atamfikia kwa kisu mdogo wake kiongozi wa genge la Daraja, na atarudi mstarini.

Yin-chu akasema basi atasimama palepale sokoni, amwite mwanawe kwa jina mbele ya watu wote.

Mzee Keng aliweka kitambaa chini. "Usithubutu. Nilimwona mama mmoja akifanya hivyo, nikiwa kijana. Mwanawe alianguka kama nguo kwenye kamba. Aliamka, akala, akaoa, lakini aliyeamka hakuwa yule."

Vumbi la unga lilielea kati yao, likaingia kwenye mwanga wa dirisha, likawa dhahabu, likatoka likawa vumbi tena. Halafu mzee akasema, kama anayezungumza na bakuli lake, kwamba jemadari ana bwana mmoja tu. Akiwa hana rangi, wakubwa wanaweza kumtuma popote. Akishapakwa, haachi machela. Hatua hamsini mbele yake anaweza kwenda, si zaidi. Machela ikisimama, naye husimama. Na Bwana Chi, kama kila mtu ajuavyo, lazima awe ndani ya hekalu lake kabla ya saa kumi na moja, vinginevyo mwaka mzima utaharibika.

Yin-chu alikwenda mbele ya mungu na vipande viwili vya mti vya kumwulizia maswali, vyenye umbo la mwezi mchanga. Akapiga magoti. Aliuliza: nimwite? Akavirusha. Vyote viwili vikalala chali, vikitikisika. Hilo ni jibu la mungu anapocheka. Akauliza tena, mungu akacheka. Mara ya tatu akacheka. Yin-chu akakaa kitako, akafikiri juu ya machela, na juu ya nini huisimamisha. Na jambo hilo likamjia bila haraka, kama samaki anavyopanda juu wakati maji yana joto. Akauliza swali lingine. Kimoja kikalala chali, kimoja kifudifudi: ndiyo. Mara tatu mfululizo, ndiyo.

*

Kulala chini ya machela ni jambo la kawaida. Mgonjwa hulala barabarani, mama mwenye mtoto asiyekua, mwanafunzi mwenye mtihani. Mungu hupitishwa juu yao polepole, wabebaji wakitafuta pa kuweka mguu, na anayepitiwa huinuka amepona au anadhani amepona. Kila mwaka hulala watu kumi, kumi na watano. Yin-chu alitaka walale mpaka saa kumi ipite.

Alipita nyumba kwa nyumba na samaki waliokwisha tolewa miiba, kwenye majani ya mgomba, kwa sababu mtu haendi kuomba na mikono mitupu. Wengi walipokea samaki na kusema watatazama. Mwenye duka la vipuri alisema mgongo wake mbovu. Akakumbushwa kwamba wenye migongo mibovu ndio hasa hulala. Akasema si mbovu hivyo.

Su-ching, muuza mayai, alimwacha asimame juani hadi amalize kupanga trei zote. Kisha akasema, "Mwaka jana mwanao na wenziwe walikuja hapa. Walichukua mayai sitini, wakanipigia saluti. Leo mimi ndiye nikalale kwenye lami kwa ajili yake, hivi unaniona mkeka?"

Yin-chu alisema anastahili kuambiwa hivyo. Akainama, akaweka samaki juu ya meza. Su-ching akamwita akiwa ameshafika mlangoni, akamwambia samaki wake wana chumvi kidogo siku hizi. Haikuwa ndiyo, wala haikuwa hapana.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi A-man, wa miaka themanini na sita, ambaye mjukuu wake naye alikuwa jemadari, wa kwanza upande wa kulia. Bibi alisikiliza, mkono sikioni. Akauliza kama lami itakuwa ya moto. Itakuwa ya moto, akajibiwa. "Vizuri," alisema Bibi A-man. "Magoti yangu yanapenda joto."

*

Siku ya sikukuu Po-kai aliondoka kabla jua halijachomoza, mfuko begani. Mlangoni alisita, kama aliyesahau kitu, akageuka nusu. Mama yake akatazama shingo yake, nyembamba bado, yenye kovu la chunusi. Akamwambia avae soksi ndani ya ndara za majani, zitamkata. Po-kai akasema majemadari hawavai soksi. Akaenda.

Saa saba machela ilitoka hekaluni. Fataki zililipuka kwa mikufu mirefu na barabara ikajaa moshi mweupe, watu wakaonekana viunoni tu, kisha vichwa tu, kama waogeleaji. Ngoma na magongi yalikuja kutoka ndani ya moshi huo bila mwili. Yin-chu alitandika gunia katikati ya Barabara ya Chumvi, mbele ya kibanda chake. Akalala chali peke yake, mikono kifuani. Anga ilikuwa karibu sana. Alimsikia mtu akicheka, na mwingine akiuliza kama yule mjane amezirai.

Kisha kitu kilikwaruza lami. Ilikuwa toroli ya samaki, na ndani yake Bibi A-man ameketi na fimbo yake, akisukumwa na Su-ching. Bibi alishushwa, akalala nyuma ya Yin-chu, akashusha pumzi ya raha. Su-ching akalala nyuma ya Bibi, akisema hakuja kwa ajili ya mwizi wa mayai, amekuja kwa ajili ya nyonga. Baada yake wakaja mama wa jemadari wa tano na dada wa jemadari wa pili, wakilia kimyakimya. Akaja mwenye duka la vipuri na mgongo wake. Mstari ukarefuka nyuma, vichwa kwa miguu, mpaka ukaingia kwenye moshi.

Majemadari walifika. Yin-chu aliona miguu tu: minane kwa minane, ikipanda na kushuka pembeni mwa uso wake kama nyasi za bwawani. Mguu wa tatu upande wa kushoto ulikuwa na alama ya uji wa moto, alama ya mtoto wa miaka minne aliyevuta sufuria. Akainua macho. Juu ya mguu ule palikuwa na uso wa buluu usiomfahamu, macho yaliyozungushiwa nyeusi, na shada la biskuti ndogo za chumvi zikining'inia shingoni kwa uzi, zile ambazo majemadari huwagawia watoto kwa baraka. Nyuma ya upepeo wa manyoya, mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli.

Jina lilimjia mdomoni. Lilikuja lenyewe, lote, lenye miiba yake yote. Aliliuma kwa meno.

Machela ikapita juu yake, giza la mbao na vishada na harufu ya ubani, kama kulala chini ya mashua ikielea. Ikapita juu ya Bibi A-man, juu ya Su-ching, juu ya wote, hatua kwa hatua. Ilipowamaliza ilikuwa saa nane na robo.

Na hapo ndipo Yin-chu alipoinuka, akalikunja gunia lake, akakimbia kwa uchochoro wa nyuma. Hakuna sheria iliyosema mtu apitiwe mara moja tu. Hakuna aliyewahi kuifikiria. Alipotokea Barabara ya Kisima, mbele ya msafara, alilala tena. Nyuma yake alisikia toroli.

Walipitiwa mara ya pili. Sasa walikuwa sabini, themanini, wengine wasiojua habari yoyote, waliodhani mwaka huu mungu ana neema ya ziada. Wabebaji walitokwa jasho, wakauliza kwa nyuso, lakini nani atamkanyaga mtu anayemngoja mungu? Sokoni, saa tisa ilifika, ikapita.

Mara ya tatu, kwenye Barabara ya Mitumba, suti nyeupe ilimwinamia. Kaka Tsung alichuchumaa kando ya gunia, akanong'ona kwa upole uleule wa chai.

"Shemeji, inatosha. Inuka."

"Namngoja mungu," alisema Yin-chu. "Lala nawe, Tsung. Nafasi ipo."

Alilitamka jina tupu, kama alivyomwita enzi za kamasi. Kaka Tsung akatazama huku na huku. Mtaa mzima ulikuwa umelala chini ukimtazama. Bibi A-man alikuwa akimpapasia lami kando yake, kama mtu anayemkaribisha mgeni mkekani. Kaka Tsung akasimama, akajipangusa magoti, akafanya ishara fupi kwa kidevu kuelekea kwa yule wa tatu upande wa kushoto. Ishara ya nenda sasa, iache machela, nenda.

Uso wa buluu uliiona. Moshi ulishuka kati yao, ukatulia. Yin-chu, akiwa chali, aliona miguu ile miwili imesimama, kidole gumba kikikuna lami, kama Po-kai alivyofanya alipokuwa haijui aya ya kukariri. Ngoma zilipiga. Miguu ikageuka. Haikwenda sokoni, ilikuja.

Jemadari alimwinamia. Mkono wenye kisu ukatoka nyuma ya manyoya, na wale waliokuwa karibu wakavuta pumzi. Kisu kikapanda mpaka shingoni mwake mwenyewe, kikakata uzi. Biskuti zote zikamwagika kifuani mwa Yin-chu, nyepesi, zikimgusa kama mvua inayoanza, na kisu kikaja pamoja nazo, kikalala ubavuni mwake. Hakusema. Jemadari hasemi. Alirudi mstarini akiyumba kwa hatua fupi.

Yin-chu alijiinua kidogo, akakisukuma kisu chini ya mgongo wake, akakilalia. Machela ikampitia kwa mara ya tatu. Alikisikia kote kule chini ya uti wa mgongo, baridi, kama mwiba wa mia mbili na ishirini na mbili.

Saa kumi kasorobo mlinzi wa hekalu alipiga gongo, akatangaza kwamba Bwana Chi atachelewa kwake. Machela ikageuzwa palepale Barabara ya Mitumba, ikarudi kwa njia ya mkato. Kule soko la matunda, watu wa Daraja walikuwa wamengoja moshi usiokuja, kisha wakapita zao.

*

Ugomvi wa soko haukufa siku ile. Miezi miwili baadaye ulimpata mtoto wa Daraja wa miaka kumi na mitano, na kisu kilitoka kwa mtoto mwingine. Yin-chu alimpelekea mama wa marehemu uji, wakakaa pamoja. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ya sikukuu, jua likiwa bado juu ya mabwawa na maji yamegeuka rangi ya chai, Po-kai alirudi kwa miguu. Mfuko wa hariri hakuwa nao. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba na jino moja halikuwepo. Alisema wamemfukuza kundini, na kwamba walimpiga kidogo. Rangi ya buluu ilikuwa imebaki ndani ya masikio.

Mama yake alimkalisha kwenye kigoda, akalowesha kitambaa, akamsafisha sikio la kulia, kisha la kushoto. Kisu kilikuwa mezani, kimeoshwa, karibu na sahani ya biskuti. Po-kai alikitazama muda mrefu.

"Ulitaka kuniita," alisema. "Nilikuona mdomo. Kila nilipopita."

"Nililiuma."

Samaki aliruka bwawani, akarudi ndani ya duara lake. Po-kai alichukua biskuti moja, akaivunja kwa upande wenye meno, akampa nusu.

"Sasa sina rangi," alisema. "Niite."

Yin-chu aliweka kitambaa chini. Akameza chumvi iliyokuwa mdomoni, akamwita, polepole, jina lote, la ukoo na lake, kama siku ile alipomwita kwa mara ya kwanza ili ajue ni lake.

"Naam, mama," aliitikia.